Kisu cha Kazini

Dukani kwa Zdzisław, mtaa wa Wschodnia, mjini Łódź,
visu vimelazwa juu ya kitambaa cha kijani
kama meno yaliyong'olewa kwa adabu.
Namwambia, nataka kidogo.
Kidogo kiasi gani?
Namwonyesha kidole cha kati, kisha nagundua nimemtukana.
Tunacheka wote wawili,
theluji ya viatu vyangu ikiyeyuka sakafuni kwake.

Mimi ni mtu wa nyuma ya pazia.
Nafunga kamba, nafungua kamba,
napasua maboksi, nakata utepe wa gundi,
nachonga kabari za kuizuia milima isiyumbe,
milima ya mbao nyepesi
ambayo Halszka huipaka rangi kwa ufagio.
Waliosema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama
hawakuwahi kupanda ngazi gizani,
utepe umeng'atwa menoni,
mkono mmoja umeshika bomba la taa,
wa pili unapapasa mfuko wa suruali.

Cha kwanza kina mpini wa pembe.
Kizuri mno. Hiki nitakiogopa,
nitakifuta kila jioni kama miwani ya mgeni.
Nakirudisha.
Cha pili kina vikorokoro kumi na vitatu,
msumeno, mkasi, kizibuo, kitu cha kuparia magamba,
karakana nzima imejikunyata,
na kulitafuta bapa lenyewe humo
ni kama kumtafuta shemeji kwenye picha ya harusi.
Cha tatu ni cheusi, unakigusa kwa dole gumba tu,
tak!
Zdzisław mwenyewe anarudi nyuma hatua moja.
Hiki ndicho cha ngazini, anasema. Mkono mmoja watosha.

Najua. Nilikuwa nacho cha namna hiyo.
Msimu uliopita nilikifyatua karibu na Jagna,
mwigizaji wa akiba, miaka kumi na tisa,
siku ya kwanza kuitwa jukwaani.
Uzi ulining'inia kwenye pindo la gauni lake,
zimebaki dakika mbili pazia lifunguke.
Nilitaka kukata uzi. Uzi tu.
Alivyonitazama!
Sikumuuliza sauti ile aliisikia wapi kabla.
Nilipiga magoti nikaukata kwa meno,
na chuma changu tangu siku hiyo kimelala kwenye droo
pamoja na betri zilizokufa.

Namweleza Zdzisław nusu ya haya.
Nusu nyingine anaisoma mwenyewe, nadhani,
maana anainama chini ya meza, anakaa huko muda mrefu,
anaibuka na kiboksi cha kadibodi.

Mpini wa mti wa mpeasi, umepakwa wekundu.
Kikiniponyoka katikati ya nyaya nyeusi, nitakiona.
Bapa halizidi dole gumba langu.
Ubavuni kuna mfuo; unaingiza kucha,
unavuta taratibu
kama unayembandua mtoto plasta.
Hakina kelele. Kinafunguka kama mtu anayeanza kusema
akaona bora asubiri.
Mkono mmoja hauwezi, asema Zdzisław,
kama anayeungama kwa niaba yake,
na usithubutu kupanda nacho kikiwa wazi.
Basi nitashuka, nasema. Nitakata chini, nitapanda tena.
Magoti bado ninayo.

Nakijaribu kwenye gazeti: kinapita bila kuuliza.
Nakikunja. Mpini wake ndio ala yake.
Nakitia mfukoni, natembea hadi mlangoni na kurudi,
hakinichomi pajani, hakikokoti suruali,
nakisahau, nakikumbuka.
Zloti sitini. Sibishani.

Limebaki lebo la bei,
limefungwa kwa uzi kwenye kipete cha mkia.
Kisu kiko mkononi mwangu, kikali, kipya, kimelipiwa,
nami bila kufikiri
nainamisha kichwa, nauuma uzi, unakatika.

Zdzisław ananitazama juu ya miwani yake.
Kumbe, anasema, ulikuja nacho.