Viatu vya Kijani

Miaka minne nilimjua kwa jina moja tu: Kunguru.
Picha yake ilikuwa unyoya, mweusi, basi.
Kila saa nne usiku, Kemi ikiwa imejifunika theluji gubigubi
na baridi ikikwaruza dirisha kama paka anayetaka kuingia,
kioo cha simu kiliwaka, na farasi wake akaruka.

Tulicheza sataranji. Maneno hatukuyafuja.
"Umelala?" aliniandikia nilipokawia.
"Nafikiri."
"Fikiri haraka, uji wangu unaungua."
Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu marefu ya siku nzima.

Msinionee huruma.
Sirkka wangu alipofariki, sauti za watu zilinichosha,
zile pole za mlangoni mwa kanisa,
mikate ya iliki ya majirani
ambao niliwarudishia sahani bila kupiga kengele.
Kunguru hakuleta mkate.
Alinila askari watatu, akanyamaza.
Ndicho nilichohitaji. Nasema hivi kwa sababu siku hizi
kila mtu ana hotuba dhidi ya simu,
na wengi wao huisoma simuni.

Ndani ya lifti sisi watu wa huku tuna adabu yetu:
unatazama namba zikishuka, kisha unatazama chini.
Kulikuwa na viatu vya mpira, vya kijani,
kisigino cha kushoto kimetiwa kiraka.
Miaka minne nilivitazama viatu vile.
Ningevitambua hata kuzimu. Uso sikuujua.

Basi Februari ile umeme ukakatika jengo zima.
Mfalme wangu alikuwa pembeni, hoi,
ngome yake imeniziba njia, na mtandao ukafa hapo hapo.
Nikawasha tochi, nikatoka kwenye ngazi.

Milango ilikuwa ikifunguka mmoja baada ya mwingine.
Kijana wa ghorofa ya tatu alishika mshumaa
uliobaki kwenye keki ya siku ya kuzaliwa.
Mtoto wa mtu alilia, akapewa tochi, akanyamaza.
Na kutoka juu, sauti nzito ya mwanamke:
"Hatua mbili! Hatua mbili tu nimfunge yule mjinga!"

Mjinga gani, nikauliza gizani.

"Wa mtandaoni. Hufikiri kama konokono."

Nikamulika chini kwanza, kwa mazoea.
Kijani. Kiraka.

Kikulacho ki nguoni mwako, naam,
lakini huyu alikuwa juu ya dari yangu,
akinimalizia askari
na kusikia, pengine, kikohozi changu kikipanda na bomba la maji.

"Konokono," nikamwambia, "anakaa namba kumi na saba."

Akasimama kimya. Akafikiri.
Hakufikiri haraka.

Hilja Vaarala ndilo jina lake.
Aliendesha winchi bandarini miaka thelathini.
Sasa kila Jumatano hushuka na ubao wa mbao;
malkia mweupe alipotea zamani, tumeweka kizibo cha chupa,
nacho kinatisha vilevile.
Ana kwa ana hanishindi kirahisi:
huuma mdomo kabla ya kushambulia.
Naye ameuona mkono wangu unavyotetemeka,
jambo ambalo simu haikumwambia kamwe,
na kahawa hunimiminia nusu kikombe.
Hasemi kwa nini. Siulizi.

Kuna usiku mwingine hatutaki uso wa mtu,
yeye wangu wala mimi wake.
Usiku huo, saa nne, kioo kinawaka.
Farasi anaruka.
"Umelala?"
"Nafikiri," naandika, na kidole kinasita juu ya ngome,
kinasita,

hadi juu ya dari kisigino kinagonga mara mbili.