Somo la Tatu, Telavi

Mwalimu kasema: sekunde tatu tu,
ukishindwa hapo, mteja kapita.
Nazibrola akaandika "tatu"
kwenye kiganja chenye unga bado.

Alfajiri kaegemeza simu kwenye gunia la chumvi,
kainama tanurini hadi kiunoni,
kaubandika mkate kwenye ukuta wa moto.
Video ikanasa mgongo
na kisigino cha soksi kilichotoboka.

Siku nne, hakuna oda.
Kumi na mmoja wameipenda,
saba ni wanafunzi wenzake.

Ya tano, usiku, ujumbe toka Thesaloniki,
wa dada asiyesema naye tangu ugomvi wa mirathi:
"Hata soksi hujajifunza kushona.
Mkate mmoja unafikaje huku?"

Hilo mwalimu hakulifundisha.
Anaandika, anafuta.
Kioo cha simu kimejaa unga.