Robo Mzunguko

Gari la Bi Mize lililetwa kwangu Machomane likikokotwa kwa kamba,
Bedford ya marehemu Shaame, rangi ya maziwa yaliyochacha.
Dereva Faki kakaa usukanini kama aliyefiwa upya.
"Bondeni linakwenda," anasema, "mwinuko wa Mtambile linanikatalia.
Nusu ya kifusi nakimwaga njiani. Niongezee presha, fundi."

Presha haiongezwi kama chumvi.
Kwanza unafunga geji, unaliwasha, unanyamaza.
Sindano ikapanda hadi panapotakiwa, ikasimama,
nikahesabu kumi na moja, kumi na mbili,
ikaanza kushuka, taratibu,
kama mgeni anayekaa chini bila kuambiwa karibu.

Kwenye nati ya kufungia skrubu pana tone jekundu.
Rangi ya kucha. Nusu juu ya nati, nusu juu ya pampu,
ili akigusa mtu ijulikane.
Shaame alikuwa hivyo, hata kufuli la sanduku la spana
alilifunga na uzi juu yake.

Bi Mize kakaa juu ya tairi bovu, anautazama mkono wangu.
"Hiyo rangi yangu," akasema. "Aliichukua bila kuniuliza."
Nikasubiri.
"Fungua."

Spana kumi na saba. Tone likapasuka vipande viwili.
Bisibisi, robo mzunguko, kufuata saa.
Sindano ikaruka! Faki akaupiga mlango kofi.
Kumi na moja, kumi na mbili,
ikashuka tena, palepale.

Hapo nikajua namhimiza mwenye njaa.
Pampu haikuchoka, ina kiu,
nami nazidi kuibana springi
kama mtu anayemwambia mtoto kimbia
na huku kamkaba koo.

Nikaufuata mpira wa mafuta kinyumenyume.
Chujio safi. Maungio makavu. Mpaka tangini.
Nikapuliza: bwabwabwa, kisha kimya.
Dizeli tukaikinga kwa madumu,
nikatia mkono hadi kwapani
nikashika kitu laini
na moyo ukanipasuka,
maana ndani ya tangi hakuna kinachopaswa kuwa laini.

Nikavuta. Kanga.
Kipande, pindo limelika,
nyuzi zake zimejisokota kwenye mdomo wa bomba
kama nywele kwenye kitana.

Faki akacheka mpaka akashika kiuno.
"Enzi zile mimi utingo! Kifuniko kilidondoka njia ya Konde,
mzee akaziba kwa alichokipata,
kikazama. Akanunua kifuniko kipya.
Akaniambia, wee, nyamaza."

Bi Mize hakucheka.
Aliinuka, akaipokea kwa mikono miwili, inachuruzika.
"Miaka saba," akasema, "namwambia kampa mwanamke wa Konde.
Miaka saba ananitazama tu."

Kwenye jina la kanga limebaki neno moja: SIKUDHANI.
Nikalisoma kwa njia zote mbili,
la leo, anayemwambia mwenzake sina shaka nawe,
na la jana, anayejisemea peke yake.
Lipi la nani, sikujua.
Pacha ya kipande kile anayo nyumbani,
jina zima analijua. Hakulitaja.

Nikairudisha skrubu robo ile ile.
Nusu ya tone ikaikuta nusu yake,
si sawasawa, unywele mmoja kando.
Nikawasha. Sindano ikapanda.
Nikahesabu hadi mia, haikutikisika,
na moshi wa nyuma mwepesi, hata kivuli hauna.

Faki akaenda kupakia.
Bi Mize bado anaikamua,
dizeli inamdondokea ndarani.
"Hutoka, hii?"

Kwa sabuni ya mche, nikamwambia, na jua siku tatu.
Kuhusu harufu hakuniuliza.