Katoni Moja

Nilinunua mimi.
Katoni moja ya bia, na kichupa cha vodka cha kutia mfukoni.
Nilikuwa nimetimiza ishirini, wiki tatu tu,
umri ambao Uswidi hukufungulia duka la serikali la pombe.
Sixten, ndugu yangu, miaka kumi na tano,
alinipa noti zilizokunjwa mara nne,
ujira wa kutembeza mbwa wa jirani.

Huku kaskazini mtoto wa umri huo
huruhusiwa gari lililobanwa mwendo,
kilomita thelathini kwa saa, pembetatu nyekundu mgongoni.
Sixten aliubanua ule mwendo gereji, kwa bisibisi.
Tulicheka. Baba naye alicheka.

Tuva alikaa nyuma, penye mizigo,
hakuna kiti, hakuna mkanda,
kofia ya sufi imeshuka hadi nyusi.
Kisha daraja. Kisha barafu.

Husemwa kilichomwagika hakizoleki.
Bia ile iliganda juu ya theluji;
polisi aliizoa kwa koleo.

Sheria inajua kuhesabu.
Sixten alipuliza: mara nne ya kiasi kinachoruhusiwa.
Kibali kikachukuliwa. Kila Jumanne
anakaa mbele ya mama wa ustawi wa jamii, anang'oa uzi wa mkono wa sweta.
Mimi nilimwambia hakimu, "Sikumuuzia. Nilimnunulia tu."
Akanitazama juu ya miwani:
"Ni mlango ule ule."
Faini ya siku themanini, kwa kipimo cha mshahara wangu
wa kiwanda cha mbao.
Nimelipa. Risiti ninazo.

Ila kijijini petu msusi ni mmoja,
Gunvor, mamake Tuva.
Mama bado huenda kwake kila wiki ya sita;
aende wapi?
Zamani walichekeana hadi kahawa ikapoa.
Siku hizi husema mkasi.
Na Gunvor hamkati vibaya, hilo ndilo linalomliza Mama garini:
nywele zimenyooka, bei ni ile ile,
chenji imerudishwa krona kwa krona.

Jana nilikutana na Tuva kwenye rafu za maziwa.
Anajifunza upya majina ya siku; mengine humponyoka.
Akaniuliza leo ni lini.
"Alhamisi," nikasema.
Akalirudia polepole, mara mbili,
kisha akanishukuru.