Karani

Kilo tatu kasoro, na robo ya kiburi juu yake.
Nilimpima kwenye mizani ya maharage pale Kiborloni,
Mama Eliaichi akacheka mpaka wateja wakageuka:
"Aikaruwa, huyu ni mbwa au brashi ya viatu?"

Sikumtaka. Niseme kweli.
Kwetu Kibosho mbwa alikuwa mtu wa nje,
akila kilichobaki, akilala penye majivu,
na jina lake lilikuwa la yule aliyemtangulia.
Ndipo Ndeshimuni akahamishiwa Mtwara,
akaniachia kikapu, mswaki mdogo,
na maagizo kurasa mbili
kama mtu anayeacha mtoto mchanga.

Asifungwe kamba shingoni, koo lake ni laini;
mkanda upite kifuani.
Asipewe zabibu, kitunguu, wala mfupa wa kuku.
Asishinde njaa.
Meno yapigwe mswaki.
(Hapo nilicheka peke yangu jikoni,
mimi ambaye magego yangu matatu yameshaaga.)

Jina nilimpa mwenyewe, lile la kwanza lilinishinda ulimi.
Masharubu yale, nyusi zile, ukaguzi ule getini:
msoma mita, muuza mkaa, mzee wa kanisa na daftari la ahadi,
hapiti mtu bila kuulizwa atokako na aendako.
Siku dume la Lyatuu lilipokata kamba
likaingia migombani kwangu,
Karani alilifuata, akasimama chini ya kidevu chake,
akalifokea kwa lugha ya ofisi.
Dume likarudi nyuma.
Naapa, likarudi nyuma.
Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yeye ni mdogo,
na mimi sitakuwa wa kwanza.

Kumbe chini ya hariri mna mwindaji.
Panya wanne wa stoo ya mahindi, wiki moja,
kawapanga mkekani kama risiti.

Jioni namchana.
Zile si manyoya, ni nywele, zinakua kama za mtu:
mgongoni rangi ya chuma,
usoni rangi ya mbege iliyotulia.
Nikiruka siku mbili zinasokotana, unakuta kiota.
Kitana ni kile kile nilichomchania Ndeshimuni kila Jumamosi,
kichwa katikati ya magoti yangu, akilia.
Huyu halii.
Ananibana kidole kwa meno, kidogo tu,
nisisahau nani ameajiri nani.

Julai mlima ukijifunika, naye anatetemeka.
Nikakata mkono wa sweta la marehemu,
nikatoboa matundu mawili ya miguu.
Yule aliyefukuza mbwa kwa fagio miaka arobaini
sasa anamkumbatia mmoja.

Kisha usiku ule wa masika.
Alikuwa amekataa chakula tangu jana yake,
miguu ikamlegea, macho yakaangalia pasipo kitu.
Daktari wa mifugo hapatikani, umeme hakuna.
Nikachovya kidole kwenye asali,
nikampaka kwenye ufizi, taratibu,
tena, na tena,
nikimwambia maneno ya Kichaga
ambayo sikumbuki kumwambia mtu mzima yeyote.
Kulipopambazuka alinyanyuka, akayumba,
akaenda getini kumhoji muuza maziwa.
Nikaketi pale kizingitini, asali mpaka kiwikoni,
nikalia kama mjinga.

Jana Ndeshimuni kapiga simu.
"Mama, nimepata nyumba yenye ua.
Desemba nakuja kumchukua."
Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii.
Mtandao ulikuwa safi.
Karani alikuwa amelala juu ya mguu wangu, ule unaouma,
akikoroma,
na mimi sikuthubutu hata kuusogeza.