Mpaka

Daktari Anyiko aliliandika jina kwenye karatasi,
akaigeuza inielekee:
haiba ya mpakani.
Nikacheka. Kisumu, orofa ya pili, Jumanne,
dirishani paa la bati na shati la mtu limeanikwa.
Mpaka? Mimi mzaliwa wa Busia, daktari.
Mpaka umenilea.

Mama aliuza mayai ya Uganda upande huu,
sabuni ya Kenya upande ule,
nami mgongoni nimevuka mara nne kabla ya chai.
Naijua ile ardhi ya katikati, hatua sitini,
ambapo pesa ya mfukoni si pesa tena
na salamu uliyo nayo bado si ya huko.
Hapo ndipo ninapoishi, nikamwambia.
Hapo hasa.

Wandera akichelewa nusu saa kutoka Ahero
mimi nimeshamzika, nimeshamtaliki,
nimeshagawa vyombo.
Akibisha hodi, gunia la mchele begani,
namtazama kama mzimu aliyekosea nyumba.
Asubuhi alikuwa nabii. Saa mbili usiku, mwizi.
Sina jioni baina yao.
Simu kumi na saba. Kisha ujumbe: usinitafute tena maishani.
Kisha: uko wapi?

Na mikono yangu, sitaieleza mikono yangu.
Navaa sweta hata Februari.

Kanisani walinikemea pepo.
Shangazi alisema ni kudekezwa.
Muuguzi mmoja, zamani, nyuma ya pazia:
"Huyo tena. Anatafuta kuonwa."
Ndiyo. Nilikuwa natafuta kuonwa.

Kidonge cha usingizi kipo, alisema daktari,
na cha huzuni kipo.
Cha hili lenyewe hakuna; kuna mazoezi,
mwaka mzima, pengine zaidi.
Mpaka lini? nikauliza, neno lilelile.
Nikamdharau. Wiki ya pili nikampenda kama mama.
Wiki ya tatu akasafiri, nikamchukia.
Aliporudi, kiti changu kilikuwa palepale.

Basi najifunza, na miaka yangu thelathini na mmoja,
kuita vitu kwa majina:
hii si hasira, ni hofu imeazima koti.
Naandika daftarini, kila usiku, imepanda hadi ngapi.
Ikinizidi nashuka Kibuye kwa muuza mbuta,
ananipa bonge la barafu bila kuuliza,
lina magamba mawili matatu, linanuka ziwa.
Nalishika. Linauma. Linayeyuka.
Mimi ningali nipo.

Jana Wandera alichelewa.
Nilikaa kwenye kigoda, maji yakinidondoka viganjani,
nikaisema kwa sauti sentensi niliyofunzwa:
amechelewa, na ananipenda.
Na.
Maisha yangu yote nilikuwa nikisema au.

Aliingia, akauliza mbona sakafu imelowa.
Nikamwambia pita pembeni,
usiteleze.