Shavu la Kushoto

Kanisa la nne kutoka bandarini halina paa.
La tano lina paa, ila mlango wake haumfungukii
asiyefahamiana na Kaliopa.
Nesebar ni kipande cha mkate
ambacho Bahari Nyeusi inakimega karne kwa karne,
na makanisa yamebanana kwenye kilichosalia:
tofali jekundu, jiwe jeupe, tofali jekundu,
mistari kama soksi za mtoto.

Nilitumwa kutoka Sofia na sanduku la pamba,
chupa sita, kisu chembamba,
barua yenye mihuri miwili.
Kaliopa aliisoma kwa miwani iliyofungwa uzi,
akaigeuza, akausoma na upande usioandikwa,
ndipo akachomoa ufunguo mfukoni mwa aproni,
mrefu kama mpini wa kikaango.

Ndani, baridi ya kisima. Nta.
Na harufu nyingine niliyodhani pua inanihadaa:
samaki.

"Ndiye huyo," akasema, akimnyoshea kidole Mtakatifu Nikola.

Miaka ile picha zilipokusanywa kwa orodha,
mama yake alimlaza kifudifudi juu ya pipa la vibua,
akamtwika jiwe mgongoni.
Mkaguzi akaja, akaonja, akasifu,
akaondoka na bakuli zima.
Miaka kumi na tisa mlinzi wa mabaharia
alikodolea samaki macho gizani.
Na mama, kila alipofunua pipa,
alimbusu shavu la kushoto, chapuchapu,
kama mtu anayeonja kama chumvi imekolea.

Nilimlaza mezani. Nikawasha taa.
Ndevu: masizi ya mishumaa, tabaka tatu.
Dhahabu: imechubuka, si sana.
Jicho la kulia: zima, kali kidogo.
Shavu la kushoto: halipo.
Ubao mtupu, laini,
kama mwiko uliozeekea jikoni.

Barua ilisema: uso urudishwe.
Nikakoroga udongo wa manjano na kiini cha yai.
Brashi ilikwisha kuinuka
mkono wa Kaliopa, magamba ya asubuhi yangali yameganda kuchani,
ulipofunika pale penye uwazi.

"Hapa pana midomo ya mama.
Paka pengine."

Nje, mwanawe Yanaki alikuwa akiuza aiskrimu
chini ya kanisa lisilo paa,
akiwakataza watalii wasimlishe paka wake,
huku yeye mwenyewe akimrushia vipande vya koni.
Nilisimama kwenye jua hilo mpaka rangi ikakauka kibaoni.

Nilisafisha ndevu. Nilitibu dhahabu.
Usiku nikaandika ripoti:
sehemu iliyopotea, sentimita nne kwa tatu.
Nikaikata kwa mstari.
Nikaandika: shavu la kushoto limekamilika.

Mlango ukagongwa mara moja.
Sahani, mkate, kibua kimoja cha chumvi,
kichwa chake kimegeuziwa upande wangu.
Sikuuliza kimetoka pipa lipi.